Kununua pikapu ya zamani: lala chini ya gari kabla hujafungua boneti

Niliponunua pikapu yangu ya kwanza niliisikiliza injini kwa nusu saa, chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, nikaitupia jicho dakika mbili tu. Injini ilikuwa nzima kweli. Miezi minne baadaye natoka Njombe na magunia ya viazi kuelekea Makambako, nikasikia mlio mzito upande wa nyuma, gari likainama kushoto. Shikio la springi lilikuwa limeng'oka na kipande cha chasisi. Nilikiokota kile kipande: kwa nje kilikuwa na rangi nyeusi mpya inayong'aa, kwa ndani kutu tupu, kinamung'unyuka mkononi kama biskuti iliyolowa chai.

Tangu siku hiyo ninakagua pikapu kwa mpangilio mmoja, yangu na za watu wanaoniomba niwasindikize. Makaratasi kwanza, chasisi pili, injini baadaye. Injini ikifa utapata nyingine Kariakoo au Gerezani, Dar es Salaam, gia boksi vilevile, hata kebini nzima. Chasisi iliyooza na kadi yenye utata huendi kuvinunua dukani.

Nitazungumzia zaidi Toyota Hilux za dizeli za miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000, kwa kuwa ndizo ninazozijua na ndizo nyingi huku kwetu. Mengi yatafaa hata kwa Nissan, Isuzu au Mitsubishi za umri huo.

Jua unachokwenda kutafuta

Hilux ya fowili (inayoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne) ya muundo wa LN106 ina injini ya 3L yenye ujazo wa cc 2,779, na mbele ina eksel nzima na springi bapa kama nyuma. Inarusha abiria, lakini kwa shamba na mzigo ni mashine ya kuaminika. Zilizofuata kuanzia 1997, LN166 na LN167, zina 3L au 5L ya cc 2,986, na baadhi mbele zina mfumo laini zaidi wa toshenba, yaani fimbo za chuma zinazojisokota badala ya springi bapa. Injini hizi za L hazina turbo wala kompyuta. Pampu yake ni ya kawaida, na fundi wa Mafinga au wa Sumbawanga anaifungua bila kuhitaji mashine ya kusoma hitilafu.

Kuanzia zile zinazoitwa Vigo, zenye injini za 2KD na 1KD, mambo yanabadilika. Zina nguvu na hazili mafuta sana, ila nozo zake, zinazopuliza dizeli ndani ya injini, ni ghali na hazivumilii dizeli chafu. Kama unaishi mbali na fundi mwenye vifaa, na bajeti yako ni ya pikapu ya zamani, mimi ningekushauri ubaki kwenye injini za L.

Fedha yako usiimalize kwenye bei ya gari. Mimi hutenga robo. Ukiwa na milioni 12, tafuta gari la milioni 9. Zinazobaki zitakwenda kwenye tairi, mkanda, oili, bushi, uhamisho wa umiliki, na lile ambalo hukuliona.

Kwenye simu, kabla ya kupanda basi

Muulize muuzaji maswali machache na usikilize anavyojibu. Kadi ina jina la nani? Ni yeye mwenyewe au ni dalali? Kadi halisi anayo mkononi? Injini ni ileile iliyokuja na gari au imebadilishwa? Taiming belti ilibadilishwa lini? Gari limekuwa likifanya kazi gani, na wapi?

Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Pikapu iliyobeba samaki na barafu miaka mitano Tanga au Bagamoyo imemwagikiwa maji ya chumvi kila siku, na chumvi haitoki kwenye kona za chasisi. Iliyobeba mbolea nayo huliwa hivyohivyo. Iliyokaa Dodoma au Singida ikibeba mtu na vifaa vya ofisi inaweza kuwa na rangi mbaya iliyopauka, lakini chini ni nzima.

Usijisumbue kukadiria umri kwa namba za usajili. Utasikia "hii ni namba D, bado mpya." Herufi zinakuonyesha gari lilisajiliwa lini kwa namba hizo, hazionyeshi lilitengenezwa lini. Gari la serikali lenye STK, au la mradi lenye DFP, likiuzwa mnadani husajiliwa upya kwa namba za kiraia. Ndiyo maana pikapu ya 1995 inaweza kuwa na namba changa kuliko gari dogo la 2003.

Mwisho wa simu, omba jambo moja: "Naomba usiliwashe kabla sijafika." Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, mtu amekwisha kuipasha ili isikusumbue kuwaka. Kunywa chai, subiri ipoe.

Siku ya ukaguzi beba tochi, kinyundo kidogo, brashi ya waya, kitambaa cheupe, gunia la kulalia, na sumaku ya spika mbovu ya redio iliyofungwa kitambaa. Nenda mchana, gari likiwa kavu. Gari lililotoka kuoshwa linang'aa na kuficha madoa ya rangi.

Makaratasi

Shika kadi halisi ya usajili. Kivuli hakitoshi, picha ya simu haitoshi. Soma jina, namba ya chasisi, namba ya injini, rangi, mwaka wa kutengenezwa. Mwombe muuzaji kitambulisho na ulinganishe. Kadi ikiwa mpya kabisa na gari ni la siku nyingi, uliza sababu: inawezekana ile ya kwanza ilipotea, inawezekana pia iko kwenye kabati la mkopeshaji kama dhamana. Nenda na muuzaji ofisi ya TRA, mamlaka ya mapato, mkathibitishe taarifa za umiliki. Asiyetaka kwenda, achana naye.

Kisha tafuta namba yenyewe ya chasisi. Kwenye Hilux imegongwa kwenye chuma cha chasisi upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Sugua tope kwa brashi, mulika. Tarakimu ziwe za kina kimoja na mstari mmoja. Ukiona chuma kimesagwa pale, kuna alama za kuchomelea kandokando, au tarakimu moja imekaa tofauti na wenzake, funga mkoba wako uondoke. Hapo hakuna bei nafuu, kuna kesi.

Namba ya injini imegongwa ubavuni mwa bloku. Pikapu nyingi za umri huu zimebadilishiwa injini, na si kosa lenyewe. Kosa ni mabadiliko hayo kutoandikishwa kwenye kadi. Mwambie muuzaji arekebishe kwanza kwa jina lake, ndipo mwendelee.

Angalia pia kwa namba ya gari kama kuna faini za barabarani ambazo hazijalipwa, na kama bima yake ni hai kweli. Vyote viwili vinaonekana kwenye mifumo ya mtandaoni, cha kwanza cha polisi, cha pili cha mamlaka ya bima. Ni kazi ya dakika tano.

Chasisi: hapa usiwe na haraka

Anza ukiwa umesimama, mita kumi nyuma ya gari, kwenye ardhi tambarare. Je, limekaa sawa kushoto na kulia? Halafu nenda ubavuni utazame nafasi kati ya kebini na bodi la mizigo. Tumbukiza vidole juu, kisha chini. Nafasi inapaswa kulingana. Ikiwa juu vidole vitatu vinaingia na chini kinaingia kimoja, mkia umelala: chasisi imepinda nyuma ya kebini kwa kuzidishiwa mzigo. Tazama kutoka pande zote mbili, kwa sababu bodi lililofungwa vibaya linaweza kukudanganya upande mmoja.

Sasa tandika gunia uingie chini. Kuna sehemu ambazo huoza kwanza:

- mashikio ya springi za nyuma, ya mbele ya tairi na ya nyuma ya tairi
- pale chasisi inapopanda kupita juu ya eksel ya nyuma
- chuma cha kukatisha kinachobeba tairi ya spea
- ndani ya chasisi nyuma ya kebini, tope linapojaa na kukaa na unyevu

Gonga kwa kinyundo, polepole, hatua kwa hatua, kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia, sauti yake ni kali na inarudi mkononi. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, kama unagonga mbao yenye mchwa, na wakati mwingine magamba yanakuangukia usoni, kwa hiyo funga macho kila unapogonga. Baada ya nyundo tano au sita sikio lako litakuwa limejifunza tofauti hiyo kuliko ninavyoweza kuieleza.

Chasisi iliyopakwa rangi nyeusi mpya au oili chafu wakati gari zima limechakaa nisingeiamini. Hivyo ndivyo nilivyopotezwa mimi. Chukua brashi, kwangua sehemu mbili tatu, na usione aibu. Muuzaji akikasirika kwa kukwanguliwa chasisi, amekujibu.

Tafuta pia mabamba yaliyochomelewa. Bamba moja lililochomelewa vizuri na fundi anayejua si mwisho wa dunia. Mabamba manne yanayofuatana ni chasisi ambayo imekwisha, inashikiliwa na fimbo za kuchomelea. Mulika kwa makini pale sanduku la stelingi lilipofungwa kwenye chasisi upande wa dereva, hasa kwenye zile zenye eksel nzima mbele. Chuma hapo hupasuka kwa nyufa nyembamba kama unywele zinazoanzia kwenye matundu ya bolti. Mtu mwingine azungushe usukani kushoto na kulia injini ikiwa imezimwa, wewe ukitazama. Sanduku likicheza au ufa ukifunguka na kufunga, usiliendeshe gari hilo hata kwa majaribio.

Ukiwa bado chini, hesabu vyuma vya springi za nyuma pande zote. Vikiwa vimeongezwa, au upande mmoja ni vingi kuliko mwingine, gari limekuwa likibeba kupita uwezo wake. Rudi ukague chasisi mara ya pili ukijua hivyo.

Bodi na kebini

Hapa sikai sana. Bonyo si ugonjwa. Ninachotafuta ni kutu inayokula kutoka ndani na dalili za ajali kubwa. Inua kapeti miguuni pa dereva na abiria, bonyeza kwa kidole gumba. Tazama ukingo wa kioo cha mbele, kwa sababu kutu ya hapo huvujisha maji hadi kwenye nyaya. Pitisha sumaku kwenye milango na mabawa: inapoacha kushika, pati imejaa chini ya rangi. Fungua na kufunga kila mlango. Mlango unaohitaji kupigwa bega kwenye gari lenye bawaba nzima unaonyesha kebini iliyosogea.

Mita ya kilomita usiiamini kwa umri huu. Mpira wa pedali ya klachi uliolika hadi chuma na usukani uliong'aa kwa mikono vitakueleza zaidi.

Injini ikiwa ya baridi

Vuta dipstiki, pangusa kwenye kitambaa cheupe. Oili ya dizeli kuwa nyeusi ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni yenye rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameingia. Fungua rejeta, na ifunguliwe ikiwa ya baridi tu. Maji ya rangi ya udongo yanaonyesha kutu ndani, yenye utando wa mafuta juu yanaonyesha oili na maji vimekutana mahali.

Acha rejeta wazi, sasa mwombe muuzaji awashe. Ageuze ufunguo, asubiri taa ya hita plagi (vipasha joto vya silinda) izime, kisha apige stata. Injini nzima ya 3L inashika ndani ya sekunde chache bila kukanyagiwa mafuta. Wewe uko kwenye rejeta unatazama maji. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa. Mapovu yasiyokoma, au maji kurushwa nje, ni mgandamizo unaopenya kutoka kwenye silinda: gasketi imeungua au silinda hedi imepasuka. Hedi za injini hizi hazipendi kuchemshwa, zikichemka vibaya mara moja hupata ufa.

Funga rejeta. Baada ya dakika moja, injini ikiwa bado haijapata joto, bonyeza mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu kama tairi wakati maji bado ni baridi, tatizo ni lilelile.

Uliza kuhusu themostati, kile kivalvu kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi huitoa gari likianza kuchemsha, na muuzaji hukwambia "imetolewa ili ipoe vizuri." Gari lisilo nayo huchukua muda mrefu mno kupata joto, na mara nyingi kutolewa kwake kunaficha rejeta iliyoziba au hedi iliyokwisha kuchoka. Nikikuta hivyo, ninapunguza kwenye bei gharama ya kufungua hedi.

Moshi unasema mengi. Mweupe kidogo wakati wa kuwaka asubuhi, ukakoma, si kitu. Mweupe unaoendelea huku maji yanapungua ni hedi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ukikanyaga kwa nguvu ni nozo, pampu, au chujio la hewa lililoziba, na huo ndio usio na gharama sana.

Injini ikinguruma taratibu, fungua kifuniko cha kumiminia oili, kigeuze, kilaze juu ya tundu lake. Kikitetemeka na kubaki hapo, vizuri. Kikirushwa pembeni na moshi ukapumua kama bomba la sigara, ringi na silinda zimechoka na ovahoo haiko mbali.

Taiming belti ya injini za 2L, 3L na 5L hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika, valvu hukutana na pistoni na safari inaishia hapo. Muuzaji akikwambia "ilibadilishwa juzi" bila risiti wala alama, ihesabu kuwa haijabadilishwa.

Barabarani

Endesha mwenyewe, angalau nusu saa, redio imezimwa. Kabla ya kuondoka vuta hendibreki, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini inapaswa kuzima. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza.

Pandisha mlima. Aliye Iringa anao Kitonga, wengine tafuteni kilima chochote chenye urefu. Tazama mshale wa joto. Ukishuka, achia mafuta ukiwa gia ya pili, kisha ya tatu: mkono wa gia ukiruka wenyewe kurudi katikati, gia boksi inataka kufunguliwa. Mlio wa kuvuma unaopanda na mwendo, ukibadilika unapokanyaga na kuachia, mara nyingi ni difu, gia zilizo katikati ya eksel. Mlio wa "kwa!" unapoondoka mara nyingi ni kros (viungo) za propela shafti, ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye eksel.

Breki zijaribu mahali salama, kwenye njia iliyonyooka isiyo na mtu. Gari likivuta upande mmoja, uliza. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, angalia pampu ya vakyum, ambayo kwenye injini hizi imekaa nyuma ya alteneta.

Fowili ijaribu kwenye udongo au mchanga, kamwe si kwenye lami. Kama habu za mbele ni za kufunga kwa mkono, shuka uzigeuze mwenyewe kwenye LOCK, weka H4 (fowili ya mwendo wa kawaida), kisha L4 (fowili ya mwendo wa taratibu na nguvu). Zilizokaa miaka bila kuguswa huwa zimeganda, na wengi hugundua siku wamenasa kwenye tope.

Ukirudi, acha injini ingurume, lala tena chini. Sasa kila kinachovuja kitaonekana, kwa kuwa kila kitu kina joto.

Fundi wako, si wa muuzaji

Hata ukijua yote haya, chukua fundi. Mlipe ujira wake kabla, na mwambie utamlipa uleule gari likinunuliwa lisiponunuliwa. Fundi anayesubiri "chochote kitu" kutoka kwa muuzaji hakufai. Akiwa na kipimo cha mgandamizo apime silinda zote nne. Kinachotafutwa zaidi ni kulingana kwao.

Kisha kaeni pembeni mwandike matengenezo na bei zake. Nenda na karatasi hiyo kwa muuzaji. Mtu mzima mwenye gari ataisoma na kujibu: "Hili nalijua, hili silijui." Mazungumzo ya bei yanakuwa ya heshima hivyo, hakuna anayedharau mali ya mwenzake.

Kulipa na kuhamisha

Usitoe advansi kwa ajili ya "kulishikilia." Mkikubaliana, andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, uwe na namba ya chasisi, namba ya injini, bei, na sahihi za mashahidi. Lipa benki, jina la akaunti liwe lile lililo kwenye kadi. Fika TRA na kadi halisi, mkataba, TIN na vitambulisho, mhamishe umiliki. Nani analipa ada ya uhamisho na ushuru wa stempu, kubalianeni kabla ya fedha kutoka.

Watu wengi hubaki na kadi yenye jina la mwenye zamani kwa miaka, wakisema watahamisha wakipata nafasi. Mwenye jina akifariki, warithi hawakujui. Akidaiwa mahakamani, gari linahesabika ni lake. Hamisha wiki hiyohiyo.

Ukifika nyumbani usipakie mzigo bado. Peleka gereji: taiming belti na bearing yake, oili ya injini, ya gia boksi, ya transfa na ya difu zote, machujio yote, maji ya breki, mipira ya rejeta iliyopasuka. Endesha tupu siku tatu nne, kila asubuhi ukipima maji na oili na kutazama chini kama kuna doa. Mzigo wa kwanza uwe nusu ya uwezo wake. Ukishushwa, ingia tena chini na tochi, utazame mashikio ya springi.